Baba Mkwe wa Ulaya: Ukwe na Siasa katika Nasaba ya Christian IX wa Denmark

Mfalme Christian IX wa Denmark, aliyetawala tangu mwaka 1863 hadi alipofariki mwaka 1906, alipewa lakabu ya "baba mkwe wa Ulaya". Miongoni mwa watoto sita aliozaa na Louise wa Hesse-Kassel, Frederick alirithi kiti cha babake. Alexandra aliolewa na mrithi wa Uingereza, Edward VII wa baadaye. Wilhelm aliitwa kutawala Ugiriki kwa jina la George I. Naye Dagmar akaolewa na mrithi wa Urusi, aliyekuja kuwa Alexander III. (Dagmar alikuwa ameposwa kwanza na kaka mkubwa wa Alexander, aliyefariki mwaka 1865. Hakuwa mjane, ila uchumba ulirithiwa.) Yafaa kuuliza iwapo ukwe huo wote uliwahi kumkinga yeyote.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Alexandra aliolewa Machi 1863. Novemba babake akatawazwa. Februari 1864 majeshi ya Prusia na Austria yakaivamia Denmark kwa sababu ya majimbo ya Schleswig na Holstein. Alexandra alimtetea babake waziwazi, lakini mama mkwe wake, Malkia Victoria, alikuwa amemwoza binti yake mkubwa kwa mrithi wa Prusia, na moyo wake ulielemea huko. Ukwe ulivutana na ukwe. Uingereza haikutuma askari hata mmoja, na Denmark ikapoteza majimbo hayo pamoja na Lauenburg. Schleswig ya kaskazini ilirejea mwaka 1920, kwa kura ya wakazi wake wala si kwa hisani ya mkwe.

Tukio la mwaka 1917 ni zito zaidi, na hapa istilahi za Kiswahili zinasaidia. Vitabu vingi humwita George V wa Uingereza "binamu" wa Nicholas II wa Urusi. Mama zao, Alexandra na Dagmar, walikuwa dada wa tumbo moja. Kwa desturi ya Waswahili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu. Ubinamu ni wa watoto wa shangazi na mjomba. Nicholas alipojiuzulu Machi 1917, serikali ya Uingereza ilikubali kumpa hifadhi. George mwenyewe, akihofia hasira za raia dhidi ya kiti chake, alishinikiza kupitia katibu wake hadi mwaliko huo ukaondolewa. Julai 1918 Nicholas, mkewe na watoto wao watano waliuawa Yekaterinburg. Mwaka uliofuata George alituma manowari kumchukua Dagmar, mama yake mdogo, kutoka Krimea. Undugu ulitimizwa pale ambapo haukuhatarisha taji.

Ni kweli kwamba ukwe ulifungua milango, na Norway ni ushahidi. Ilipojitenga na Uswidi mwaka 1905, viongozi wake walimtaka Carl, mwana wa Frederick, kwa sababu mojawapo kwamba mkewe, Maud, alikuwa binti wa Edward VII na Alexandra. Hao ndio mabinamu hasa: Maud alikuwa mtoto wa shangazi yake Carl. Hata hivyo, Carl hakuridhika na mwaliko wa wanasiasa. Alishikilia kwamba wananchi waulizwe kwanza. Katika kura ya Novemba mwaka huo, takriban watu 259,000 walimkubali na 69,000 wakamkataa, ndipo akakaa kitini kwa jina la Haakon VII. Nasaba yake ingali inatawala Norway, ilhali Wagiriki waliukataa ufalme wa kizazi cha George I, baba yake mdogo, katika kura ya mwaka 1974.