Mwenendo Wetu Barabarani

Mtu akisimama Makambako penye njia panda, kwa saa moja tu ataona mambo mengi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapo kwenda Mbeya na Tunduma, na nyingine yashika upande wa kusini, kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina kituo chake hapo. Matenki ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo, malori ya mbao na viazi yatokayo Njombe, mabasi, pikipiki za kukodi, baiskeli, watoto waendao shule, na mama zetu wenye mizigo kichwani, wote hukutana mahali pamoja. Wazee wetu walipita nchi hii kwa njia za miguu. Mtu akigongana na mwenzake aliomba radhi, akaenda zake. Siku hizi hakuna nafasi ya kuomba radhi.

Ajali ikitokea, twasikia maneno yale yale: "Ni bahati mbaya," au, "Breki zilikataa." Yafaa tuulize zaidi. Breki zilikataa kwa sababu gani? Tazameni mteremko wa Lukumburu, katika njia ya kutoka Njombe kwenda Songea. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, na injini yenyewe hulizuia gari. Lakini yuko dereva mwingine atakaye kubana mafuta. Huyu huweka gia nyutro, na gari hushuka kwa uzito wake kama jiwe lililosukumwa mlimani. Sasa kazi yote ni ya breki. Hupata moto, na moto ukizidi hazishiki tena, hata dereva akikanyaga kwa miguu miwili. Breki zimekataa kweli, walakini jambo lilianza juu kilimani, kwa ajili ya lita chache za mafuta.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kwa kila sekunde. Liendapo kilometa 80 hupita meta 22. Mtoto akitokea ghafula, dereva hutumia kama sekunde nzima, pengine zaidi, kabla mguu wake haujagusa breki. Na meta hizo zimekwisha pita bure. Tena watu wengi hufikiri ya kuwa mwendo ukiwa mara mbili, hatari nayo ni mara mbili. Sivyo. Nguvu ya kugonga huwa mara nne, na mahali pa kusimamia gari huhitaji urefu wa mara nne baada ya breki kushika. Lami ikiwa na maji, urefu huo waongezeka tena. Nasi twajua hali ya Njombe: mji uko juu karibu meta 2000, mvua ni nyingi, na ukungu wa asubuhi huwa mzito hata mtu asione nyumba ya jirani.

Kwa hiyo sheria yaagiza mwendo usiozidi kilometa 50 penye makazi ya watu, na mabasi na malori yasizidi 80 penye njia wazi. Kibao kile cha 50 wengi hukiona kama mtego wa askari. Ndiyo maana madereva huwashiana taa kuonyana kwamba askari wako mbele, na abiria husema, "Dereva huyu ni mwema." Mimi naona ni wema wa namna ya ajabu! Aonywaye hupunguza mwendo mbele ya askari, naye akiisha kumpita huongeza tena, na shule iko kilometa moja mbele.

Barabara hii kuu imetupa mafundisho kwa machozi. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi na lori vilikutana, na kontena la lori likaliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Ilisemwa ya kuwa palikuwa na shimo barabarani, nayo magari yalikuwa yakilikwepa. Basi shimo ni kosa la barabara, hatukatai. Lakini shimo halikimbii, na aendaye polepole huliona mapema.

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, tenki la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia, wengine kwa ndoo na vidumu, ili wachote petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100. Habari hii naiandika kwa kusudi, maana matenki ya namna ile ile hupita Makambako mchana na usiku. Hewa ya petroli haionekani. Hutambaa chini, hufika mbali na tenki, na cheche moja ya pikipiki au ya betri yatosha. Lori la mafuta likipinduka karibu na kijiji chako, kazi ya kwanza ya wazee wa kijiji na walimu ni kuwarudisha watu nyuma, mbali sana, na kuzima mioto ya jikoni. Watakutukana. Watasema unawanyima riziki. Wavumilie.

Nije kwenye jambo lililo letu zaidi, yaani ulanzi. Labda mtu atasema, "Ulanzi si pombe, ni kinywaji cha nyumbani, hutoka katika mwanzi." Ni kweli hutoka katika mwanzi, na ule mbichi wa asubuhi ni mtamu, hata watoto huupenda. Lakini hauhitaji mtu wa kuupika; wachachuka wenyewe, na kila saa wazidi ukali. Aliyekunywa asubuhi na aliyekunywa jioni hawakunywa kitu kimoja, ingawa kibuyu ni kile kile. Tena wakati wake ni wakati wa mvua, barabara zikiwa na utelezi. Kileo hushika kwanza ile akili ya kupima na kuamua, kabla ya miguu kuyumba. Kwa hiyo mnywaji ndiye mtu wa mwisho kujua ya kuwa amelewa. Akikuambia, "Mimi bado mzima," hasemi uongo, ndivyo ajionavyo. Usipande pikipiki yake.

Na habari za pikipiki hazijaisha. Vijana wetu wengi hupata chakula kwa kazi hii, wala si vema kuwaita wote wahuni, maana mgonjwa wa usiku huko vijijini hupelekwa zahanati na nani? Ila desturi ya kupakia mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, yatoka kwetu sisi tunaokubali kupanda ili tupunguziwe nauli. Kofia ngumu kadhalika. Abiria huikataa kwa kuwa yaharibu nywele, au kwa kuwa imevaliwa na watu wengi. Sababu hii ya pili ina haki. Basi chukua kitambaa chako safi, ufunge kichwa kwanza, ndipo uvae kofia, na kamba yake uikaze chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini.

Tena iko desturi ya kwenda mazishini na harusini, hata kwaya zetu, watu wamesimama ndani ya lori la mizigo wakiimba. Lori halina viti wala mikanda, na likipinduka hakuna kitu kinachomshika mtu. Twajua nauli ya basi ni nzito kwa kwaya ya watu 30. Yafaa wazee walihesabu jambo hili mapema, pamoja na gharama nyingine za safari, wasilikumbuke siku ya kuondoka.

Usiku nao una mambo yake. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya safari ndefu yalizuiwa kusafiri usiku kucha, na mwaka 2023 ruhusa ilitolewa tena. Usingizi haupiganiwi kwa muziki wala kwa kufungua dirisha. Dawa yake ni kulala. Abiria aonaye basi likihama upande wake na kurudi ana haki ya kusema, tena aseme kwa sauti, wala asiogope kuitwa mwoga.

Waendao kwa miguu nao washike upande wa kuume wa barabara, wayaone magari yajayo mbele yao, kwa kuwa nchini mwetu magari hushika kushoto. Usiku nguo nyeusi za msiba hazionekani kabisa. Shuka jeupe begani laonekana mbali.

Jambo moja limebaki, dogo, nalo naliona kila mara kati ya Makambako na Njombe. Lori likiharibika, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani ili kuwaonya wengine. Ni vizuri. Lakini likiisha kutengenezwa, lori huondoka na mawe hubaki katikati ya lami. Mchana jiwe lile huonekana. Saa mbili usiku, katika ukungu, mwenye pikipiki halioni. Anayepita kwa miguu asubuhi aweza kuliondoa kwa mikono yake miwili.