Mzazi Pembeni mwa Uwanja: Jinsi ya Kumsaidia Mtoto Anayecheza

Ni Jumamosi asubuhi katika uwanja wa wadi. Winga wa miaka 11 anapokea mpira. Kocha anamwambia atulie, amtafute mwenzake. Kutoka pembeni baba anapaaza sauti, "Piga! Piga!" Mtoto anasita, anageuka kumtazama baba, na mpira unachukuliwa.

Mzazi huyo anampenda mwanawe, lakini amempa kocha wa pili. Kufundisha mchezo ni kazi ya kocha. Mzazi ana kazi yake, na hakuna mwingine wa kumfanyia.

Siku ya mechi

Mzazi afike mapema, ashangilie timu nzima na amheshimu refa. Mtoto anayemwona mzazi akimtukana refa hujifunza kutukana. Mechi ikiisha, mzazi aanze kwa kumuuliza kama amefurahia mchezo. Mambo ya mabao na makosa yasubiri hadi mtoto ayataje mwenyewe.

Maumivu yasifichwe

Mtoto anayeogopa kumvunja moyo mzazi huficha maumivu ili asitolewe uwanjani. Hapo ndipo hatari ilipo, hasa kwa majeraha ya kichwa. Mtoto akigongwa kichwa kisha alalamike kuumwa na kichwa, aone kizunguzungu, achanganyikiwe au asahau yaliyotokea, atolewe mara moja. Asirudi kucheza siku hiyo, hata akisema amepata nafuu, na asirejee mazoezini kabla ya kuruhusiwa na mhudumu wa afya. Akizirai, akitapika mara kwa mara, akipata degedege au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Ni vyema pia mtoto awe amesajiliwa na mzazi wake kama mtegemezi katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kabla msimu haujaanza.

Chakula na usingizi

Mchezaji mdogo hahitaji vyakula vya bei ghali. Githeri, ugali kwa ndengu au omena, mayai, sukuma wiki na matunda ya msimu humtosha. Abebe maji safi ya kunywa mazoezini. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Ratiba ya mazoezi, masomo na kazi za nyumbani ipangwe ikizingatia hilo.

Umri na usalama

Cheti cha kuzaliwa kieleze umri wa kweli. Kumpunguzia mtoto miaka ili acheze na wadogo huwaweka wenzake katika hatari ya kuumia, na udanganyifu ukigunduliwa, timu nzima huenda ikaadhibiwa.

Mzazi amfahamu kocha, ajue mahali pa mazoezi, saa ya kurudi na nani anaandamana na watoto wakisafiri. Akishuku mtoto anadhulumiwa, apige simu bila malipo kwa nambari 116.

Winga yule atapoteza mipira mingine mingi, kama wachezaji wote. Akijua atapokelewa vyema nyumbani, timu ishinde au ishindwe, hatakuwa na sababu ya kuficha goti lililovimba wala kichwa kinachouma.