Wagibeoni Wanapiga Simu

Maandiko: Yoshua 9:3–16

Somo la wiki hii nimelielekeza kwa wazazi wetu, kina shosho na kina guka, lakini watoto wao pia wasome, manake kuna mahali linawagusa.

Wagibeoni walipotaka agano na Yoshua hawakuja na mapanga. Walikuja na viatu vya viraka, viriba vya divai vilivyopasuka na mkate wenye ukungu, ati wametoka nchi ya mbali sana. Wakuu wa Israeli wakautazama ule mkate, wakaamini. Hawakumwuliza Bwana. Siku 3 baadaye wakagundua hao wageni wa mbali ni majirani tu.

Siku hizi ule mkate wa ukungu unakuja kwa simu. Meseji inaingia kwamba umepokea shilingi 4,500. Dakika haijaisha, simu inalia: "Mama, nimekosea nambari, hiyo ni karo ya mtoto, tafadhali nirudishie." Anaongea kwa unyenyekevu, pengine hata anakuombea baraka. Wewe kwa huruma unamtumia, kumbe unatoa pesa yako mwenyewe. Ile meseji ilitoka kwa nambari ya kawaida, haikuandikwa MPESA pale juu, na salio lako halikuongezeka hata shilingi moja. Kama kweli amekosea, apeleke meseji yake ya M-Pesa kwa 456, Safaricom watashughulikia. Hiyo si kazi yako, na kumwambia hivyo si kukosa upendo.

Mwingine atasema anakuandikisha Inua Jamii, ile 2,000 ya kila mwezi ya waliofikisha miaka 70, lakini kwanza utume ada. Kwa chifu hakuna ada ya kuandikishwa. Mwingine atasema mwanao amegongwa na boda boda na daktari anangoja pesa. Ukiwasikiliza wote, wanataka vitu viwili: ufanye haraka, na usiongee na mtu mwingine.

Mimi sipendi kusikia ati wazee huibiwa kwa sababu hawajui simu. Vijana wenye digrii wanaibiwa kila siku. Mzee wetu alilelewa kuitikia anapoitwa, na kumkatia mtu simu akiongea anaona ni kukosa adabu. Mkora anaijua hiyo adabu na anaitumia. Basi mama, baba, leo nakupa ruhusa: kata simu. Kisha mpigie mwanao kwa nambari uliyo nayo wewe, si ile uliyopewa.

Nilisomea biashara, na somo ninalolitumia sana hapa kanisani ni la sahihi mbili. Hundi yetu haitoki kwa sahihi ya mtu mmoja, hata awe mchungaji mkuu. Si kwamba hatumwamini. Nyumbani pia chagua mtu wako wa sahihi ya pili, binti yako au jirani mliyeokoka pamoja, na pesa isiende kwa mtu usiyemjua kabla hujaongea naye. Mtu huyo hahitaji nambari yako ya siri. Anahitaji kusikia habari tu.

Na hata sisi watumishi tuwekwe kwenye mizani. Ukipigiwa na sauti kama yangu kabisa, ikitaka sadaka ya haraka kwa nambari ya mtu, kata. Kanisa linapokea kwa paybill iliyobandikwa mlangoni, basi. Sitakasirika ukinikatia.

Sasa ninyi watoto na wajukuu. Wagibeoni walikuwa majirani, na wizi mwingine hautoki mbali. Kuna mjukuu anayemsaidia shosho kutoa pesa kwa ajenti, anaijua nambari ya siri, na kila mwezi 200 inapotea. Shosho anajua. Ananyamaza kwa sababu ndiye mjukuu anayemchotea maji. Kijana, kama unasoma haya, huo si msaada. Na shosho, kubadilisha nambari ya siri si kumlaani mtoto.

Kama umeshaibiwa, usiende kulia peke yako chumbani. Piga 100 saa hiyo hiyo, peleka ile meseji ya mkora kwa 333, uandikishe kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Halafu uniambie. Mambo hayo hayatatajwa madhabahuni.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, vijana wawili watakuwa na meza kando ya ofisi. Watakusaidia kubonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe na mkora kwa ajenti wa mtaani, na kuandika 0722 000 000 kwenye simu yako, maana Safaricom wenyewe hupiga kwa hiyo. Njoo na simu na kitambulisho. Wasioweza kutembea mpaka kanisani, kiongozi wa ushirika wa nyumbani atawapitia Jumatano.