Kilichopo na Kipya: Somo la Michoro ya Umeme



Likizo iliyopita nilitoka Gitega kwenda nyumbani Muyinga, nikaombwa kuchora mpango wa umeme wa madrasa iliyokuwa ikiongezewa madarasa mawili. Nilichora kwa kompyuta: waya za zamani kijani, mpya nyekundu. Kwenye skrini kila kitu kilieleweka. Lakini fundi alipewa fotokopi, nyeusi tupu. Aliona mstari wa waya wa zamani, akadhani ndipo waya mpya utakapopita, akaanza kutoboa ukuta palepale. Waya ule ulikuwa na umeme. Alhamdulillahi, mzee mmoja aliyekumbuka ulikopitishwa alimzuia kwa wakati. Kosa lilikuwa langu, si la fundi.

Tangu siku ile nashika mambo manne.

Kwanza, tabaka. Kila kitu kiwekwe kwenye tabaka la hali yake: kilichopo, kipya, cha kuondolewa. Taa ya zamani na taa mpya zisikae tabaka moja. Kiwango cha Marekani cha michoro ya kompyuta hutia herufi mwishoni mwa jina la tabaka: E ni kilichopo kitakachobaki, N ni kipya, D ni cha kubomolewa. Tunaweza kuchagua herufi zetu, mradi ufunguo wake uwepo kwenye kila karatasi.

Pili, usitegemee rangi peke yake. Mimi huchora kilichopo kwa mstari mwembamba wa milimita 0.18, kipya kwa mnene wa milimita 0.5, na cha kuondolewa kwa mstari wa vipande wenye alama za X. Kisha natoa fotokopi, nampa mwenzangu asiyeijua kazi ile. Akishindwa kutofautisha, narudi kwenye kompyuta.

Tatu, mahali kipya kinapoungana na cha zamani pawekewe alama na maelezo. Andika ni saketi gani, swichi yake ya kinga ni ya ampea ngapi, na tayari inabeba nini. Usinakili mchoro wa zamani na kuuamini, nenda ukakague. Ambacho hukukiona kwa macho, andika “hakijathibitishwa”.

Nne, mchoro hauzimi umeme. Hata ukiwa safi namna gani, fundi azime kwanza, apime kwa kipimo, ndipo aguse.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, ili pasiwe na shaka baina ya watu. Mchoro nao ni maandishi baina yako na mtu atakayeshika waya wewe ukiwa mbali. Roho yake ni amana mikononi mwako.

Wabillahi tawfiq.