Kuwahifadhi Wanyama wa Nyumbani na Jua la Kiangazi

Kwa wakulima wa Masasi na Newala

Mkulima mwenzangu,

Kila mtu ajua kwamba jua la Oktoba ni kali, lakini si wote wajuao sababu yake. Katika nchi yetu ya Masasi na Newala, karibu na tarehe 21 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Wakati huo mvua hazijaanza, mawingu ni machache, na majani yamekauka. Tena siku hizo ndizo tushughulikapo na korosho, na mbuzi amefungwa tangu alfajiri. Basi soma maneno haya mapema, kabla hujapata hasara.

1. Kivuli hutembea, kamba haitembei

Nilimjua mkulima mmoja wa nchi ya juu ya Newala. Asubuhi alimfunga mbuzi wake jike penye kivuli cha mwembe, upande wa magharibi, akaenda zake shambani. Jua lilipofika utosini kivuli kilirudi shinani, na mbuzi akabaki juani. Alizunguka kigingi hata kamba ikawa fupi. Jioni mwenyewe alimkuta amekufa, na mimba tumboni. Mbuzi yule ndiye aliyewekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya mtoto. Mwenyewe alisema, "Jua ni la Mungu." Ni kweli, lakini kamba ilikuwa yake.

Mnyama aliye huru hujitafutia kivuli. Umfungapo umemwondolea uwezo huo, na kivuli kimekuwa wajibu wako. Asubuhi mfunge magharibi ya shina. Kabla ya saa sita mtu aje amhamishe upande wa mashariki. Ikiwa hapana mtu wa kuja, usimfunge nje. Mwache bandani, umkatie majani.

2. Jinsi jua lidhuruvyo

Madhara ya jua ni mawili. La kwanza ni joto liingialo mwilini: mnyama huhema upesi, hutoa ulimi na mate, huyumba, kisha huanguka. La pili ni kubabuka ngozi. Hili huwapata zaidi wanyama weupe, na mahali pasipo manyoya: masikio, pua, kando ya macho, kiwele na chini ya mkia. Ngozi nyeusi ina rangi ya kuikinga. Ngozi nyeupe haina. Ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao hujihifadhi kwa kofia pana na nguo za mikono mirefu.

Nguruwe mweupe hudhurika kuliko wote, kwa maana manyoya yake ni machache na hawezi kujipoza kwa jasho. Ngozi yake huwa nyekundu na ya moto, hushtuka aguswapo, na baada ya siku chache huchubuka. Nguruwe jike aliyebabuka sana huweza kuharibu mimba. Matope ndiyo nguo yake: mchimbie shimo dogo kivulini, ulitie maji yaliyooshewa mboga. Usimpake mafuta machafu ya gari, kwa kuwa yana sumu.

Mbuzi mweupe mtazame masikio na kiwele kila juma. Kidonda kisichopona juu ya ngozi nyeupe huweza kuwa saratani. Mwonyeshe Bwana Mifugo upesi. Tena mzuie asile kichaka kiitwacho lantana, chenye maua madogo ya rangi nyingi. Sumu yake huharibu ini, na baadaye hata jua dogo humbabua.

Kuku hana jasho. Umwonapo amefunua mdomo na kutanua mbawa, amezidiwa. Umpelekapo mnadani, ondoka alfajiri, wala usiwasonge kuku wengi katika tenga moja.

Mbwa na paka weupe hubabuka pua na ncha za masikio. Usiwapake dawa ya ngozi ya watu bila kuuliza, kwa sababu huilamba, na nyingine zina zinki iwadhuruyo.

3. Banda na maji

Katika nchi ya juu maji hayakai juu ya ardhi, kwa kuwa mchanga huyanywa. Tangu zamani mama zetu walishuka mabondeni kuyateka, wakayapandisha kwa vichwa. Mabomba yaliletwa miaka ya 1950, lakini hata leo maji hayafiki kila nyumba wala kila siku. Kwa hiyo nasema, kivuli ni akiba ya maji. Mnyama akaaye kivulini hunywa maji machache kuliko akaaye juani. Na kivuli hakibebwi kichwani.

Urefu wa banda uende mashariki hata magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha zake tu. Kuta zisizibwe hata juu, upepo upite. Nyasi ni baridi kuliko mabati. Ikiwa umeezeka kwa mabati, tandaza nyasi juu yake. Maji ya kunywa yatie katika chungu cha udongo, ukiweke kivulini.

4. Mnyama akizidiwa

Mhamishie kivulini mara moja. Mmwagie maji mwilini, hasa kichwani na miguuni, na kumpepea. Mwache anywe kidogo kidogo mwenyewe. Usimtilie maji kinywani kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni akafa.

Mvua za kwanza zinyeshapo, panda mwembe mmoja karibu na banda. Mwaka huu utajenga kivuli kwa nyasi. Miaka ijayo mti utakufanyia kazi hiyo bila kuulizwa.

Maswali

1. Kwa nini mbuzi aliyefungwa kivulini asubuhi huweza kuwa juani saa sita?
2. Taja mahali patano pa mwili pababukapo upesi.
3. Kwa nini kivuli ni akiba ya maji?
4. Leo saa sita mbuzi wako yuko wapi, na kivuli kiko wapi?