Riwaya ya mizimu na usingizi wa binti

Swali: Binti yangu wa miaka 13 anasoma riwaya ya mizimu usiku, kisha anakataa kulala peke yake. Nimnyang'anye? Mama, Rumangabo.

Jibu: Hapana, mama. Mtoto aliyekua akisikia milio ya risasi huko kwenu anastahili hofu anayoweza kuifunga mwenyewe. Ila asome mchana, akusimulie kila sura mkichambua maharage. Nawe msimulie ya kwetu: katika mapokeo ya Ryangombe, mkuu wa mizimu ya jadi, wafuasi wake wakifa huenda mlima Karisimbi, wengine motoni katika volkano ya Nyiragongo. Akimaliza, mtafutie kitabu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla. Humo mpelelezi Bwana Msa anachunguza mauaji ya mzimuni kwa akili tupu. Jinamizi likidumu wiki kadhaa, huenda chanzo si kitabu: mpeleke kituo cha afya.