Nikijiuliza 'mimi ni nani', sioni kitu

*Shangazi, nina miaka 29, nahudumia wateja dirishani benki, naishi peke yangu Morogoro. Kila usiku nafanya meditesheni: nazima taa, nafumba macho, najiuliza "Mimi ni nani?" Mwanzoni yalikuja majibu: jina, kabila, kazi. Siku hizi haji mtu wala jibu, na juzi niliogopa sana. Je, nakosea wapi?*

Mwanangu, kukosa jibu si kosa, maana swali hilo halikuwekwa lijibiwe kwa maneno.

Aliyelieneza zaidi ni Ramana Maharshi wa India kusini. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16 mjini Madurai, alivamiwa na hofu ya kifo. Akajilaza, akajikausha kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, anayekufa ni nani? Baadaye hakutaka wanafunzi wake walirudierudie swali kama uradi. Wazo likizuka, wajiulize limemzukia nani. Wakiona ni "mimi", wageukie huko huko na kutulia.

Ramana alisema majina yote yakidondoka hubaki Nafsi isiyokufa. Wabudha wanakataa: ukichungua, utakuta hisia na mawazo yanayopita, hukuti mwenyewe. David Hume wa Uskoti aliandika karibu hayo hayo mwaka 1739. Hulazimiki kuamua kati yao usiku huu.

Ninachoona mimi ni kwamba unamtafuta "mimi" saa ambayo hajitokezi. Walimu wa Kibudha wa Tibet huelekeza kwingine: mwangalie mtu anaposingiziwa, ndipo "mimi" wake anapojitokeza waziwazi. Nawe una dirisha la benki! Kaa kwenye kiti jioni, macho wazi, nyayo sakafuni. Mkumbuke mteja aliyekufokea mbele ya foleni. Shingo itapata moto, kifua kitabana, na ndani utasikia: "Mimi wa kufokewa hivi?" Huyo ndiye. Mtazame bila kumfukuza. Amekaa kooni? Kifuani? Au kuna joto tu, na maneno, na picha ya uso wa yule mteja? Usiharakishe kusema hayupo. Dakika 10 zinatosha, kisha inuka ukapike.

Hofu yako siichukulii kwa wepesi. Ikikujia ukiwa umekaa, fumbua macho, washa taa, nawa uso, mpigie mtu simu. Lakini kama hata mchana unajiona kama unajitazama kwa mbali, mikono yako unaiona kama ya mtu mwingine, au usingizi umekatika, acha meditesheni kwanza. Nenda hospitali ya mkoa, uombe kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Mweleze unachofanya usiku na kwa muda gani, hata kama unaona haya. Asipoambiwa hatajua pa kuanzia.

Jambo la mwisho: hukuniambia nani mwingine anajua habari hii. Kama hakuna, mtafute dada au rafiki mmoja wiki hii umsimulie, kabla hujakaa tena.